Picha Nzuri Kupita Haja

Mwanangu Tusekile,

Umekwenda Mbugani kuwaaga watu, na najua utachelewa, kwa sababu kila mlango utakaobisha hodi watakukalisha na kukupa kitu cha kula. Mimi nimebaki hapa kazini. Nimekaa kwenye kiti chako mbele ya kompyuta ya CT, mlango wa chumba cha mashine uko wazi, na leo Jumamosi wagonjwa wamekatika mapema. Kesho asubuhi unapanda basi la Dar. Sitaki tuagane stendi kwa maneno yale ya watu wote huku tunapeana mifuko na kondakta anatupigia kelele, kwa hiyo nakuandikia.

Sitakuelekeza namna ya kuishi na watu wala namna ya kutunza afya yako. Mchele baba yako ameshaufunga, na akili unazo. Nataka kukuambia jambo ambalo umelijua siku nyingi ila hujawahi kulisikia likitoka kinywani mwangu. Nakuonea wivu. Sisemi wivu wa kutaniana, ule wa kusifiana nguo kanisani. Nasema wivu wenyewe, unaonikaba nikikuona unacheka na watu wa kazi yetu. Baba yako aliuona kabla yangu. Jioni moja aliniangalia nikigonga sufuria bila sababu, akaniuliza, “Mama Tuse, yaani unamwonea wivu mtoto uliyemzaa mwenyewe?” Nikamwambia aende akageuze kakao yake juani.

Tuanze na Salma, maana huko ndiko unakokwenda. Wewe unamwita mama mdogo, na najua ni yeye aliyekuambia umwite hivyo. Mimi sina mdogo anayeitwa Salma. Tulikaa dawati moja hapa Kyela, yeye binti wa duka la vitambaa la Mbugani, ambaye babu zake walitoka pwani, mimi binti wa mpunga na kakao. Hesabu alikuwa ananakili kwangu. Hilo nataka ulijue, maana yeye hawezi kukuambia. Kwenye fizikia alinizidi, lakini si kwa mbali.

Tulipomaliza kidato cha nne tulichaguliwa wote wawili kuendelea, na hakuna mtu aliyenizuia. Babu yako alikuwa tayari kuuza ng’ombe. Ni mimi niliyesema sitaki miaka mingine ya madaftari, nataka koti jeupe upesi. Nikaenda chuo cha mionzi, nikarudi na koti langu, na nilipendeza kweli. Salma akaendelea kusoma, na kusoma, mpaka nikawa namcheka kwamba atazeekea darasani. Laiti kungekuwa na mtu wa kumlaumu, baba mkali au mjomba mchawi, ningelala vizuri zaidi. Hakuna. Nilichagua mwenyewe, na nilichagua haraka, na nilifurahi.

Kisha siku moja akaja na gari la ofisi na masanduku ya vipimo, mwanafizikia wa mionzi, kukagua mashine yangu ya eksirei. Akanikumbatia mlangoni. “Atu! Ugonile, dada yangu?” akanisalimu kwa Kinyakyusa chake cha dukani. Tulicheka, tukakumbushana mwalimu wa hesabu. Halafu akaniomba, kwa adabu zote, nitoke nje kidogo apime. Nje ya chumba changu mwenyewe, Tusekile. Nilisimama kwenye korido na mafaili mkononi nikijifanya natafuta jina la mtu, na ndani nilisikia mashine yangu ikimwitikia.

Wewe umenikuta nikiitwa Mama Picha, lakini hukuona nilivyolipata hilo jina. Enzi za filamu hakukuwa na pa kujificha. Ukizidisha mionzi filamu inatoka nyeusi, ukipunguza inatoka nyeupe, na unaliona kosa lako likiwa bado linachuruzika maji kwenye chumba cha giza. Nilijifunza kwa kuaibika. Nilijua unene wa mtu kwa kumwona akipanda kitandani, nikajua ni kiasi gani kinamfaa, na mara chache nilikosea. Mpaka madaktari wa nchi jirani, ng’ambo ya mto Songwe, wakawa wanawaambia wagonjwa wao wavuke mpaka wa Kasumulu waje kwangu. Nilikuwa hodari. Nalisema mwenyewe kwa sababu wanaolikumbuka wamebaki wachache.

Zilipokuja mashine za kompyuta, mambo yakageuka, na mimi sikugeuka. Sasa ukizidisha mionzi kompyuta inairekebisha picha, na inatoka safi kuliko jana. Hakuna wa kukusuta. Ukipunguza ndipo unaona chenga, kama zile za televisheni iliyokosa mawimbi, na daktari anakunja uso. Kwa hiyo mkono wangu ukapanda. Haukupanda siku moja. Leo kidogo kwa sababu ya mzee mnene, kesho nasahau kuushusha, keshokutwa ndio umekuwa mkono wangu wa kawaida. Na kila ulipopanda nilisifiwa.

Kuna jambo jingine ambalo huko uendako hawatakufundisha, kwa sababu hawatujui. Sisi hatuwezi kumpa mtu kidogo. Mgeni akija kwetu anapakuliwa wali mpaka sahani haionekani, na ukimpakulia kile kinachomtosha atakusimulia mpaka Tukuyu. Mimi niliwapimia watu mionzi hivyo hivyo. Namkumbuka mzee mmoja wa Ikombe, alikuja kwa mtumbwi na pikipiki, karatasi ya daktari inasema kifua. Nilipomaliza hakushuka kitandani.

“Mwanangu, dozi ndiyo imekwisha?”

“Imekwisha, baba.”

“Mara moja tu? Si tunaambiwa dozi lazima mtu aimalize? Nipige na kiuno basi, na haya magoti. Mimi kurudi huku tena siwezi.”

Nikacheka, nikampiga kiuno, nikampiga na magoti. Hakuna daktari aliyeagiza. Akaondoka ananishukuru, ndaga fijo, ndaga fijo, mpaka getini, na mimi nikajiona mtu mwema. Unaona lile neno lilivyotupoteza wote wawili? Kwetu dozi ni kitu unachopewa ili upone, na anayekupunguzia anakudhulumu. Salma aliponiambia kwamba kazi yetu ni kushusha dozi za wagonjwa, yaani mionzi wanayopigwa, niliitikia kwa kichwa, lakini moyoni nilisikia mtoto wa duka akinifundisha kupunja.

Ndipo ikaja hii CT, inayompiga mtu picha vipande vipande kama mkate uliokatwa. Miaka mingapi nilikuwa naomba kwenda kusoma CT? Wewe ulikuwa msingi, halafu sekondari, na mimi bado naomba. Mashine ilipofika, aliyekuja nayo alikaa nasi siku chache, akatuonyesha vitufe, akaondoka. Nikauliza habari ya masomo, nikaambiwa nafasi ni za vijana. Na kijana mwenyewe akaja, katoka chuoni na mkoba mgongoni, kapangiwa chumba hiki hiki, na ni wewe. Watu walinipongeza. “Mama Picha, sasa una mrithi!” Mrithi ni wa mtu aliyekufa, na mimi nilikuwa nimesimama hapo.

Ulinikera tangu asubuhi ya kwanza. Mimi nawasha mashine, naita mgonjwa. Wewe unaweka kwanza kile chombo cha plastiki chenye maji kitandani, unakipitisha kwenye mashine, unasoma maji yanasema ngapi. Maji lazima yaseme sifuri. Nikakutania, “Binti, tuna ziwa zima hapo Matema, wewe unapima maji ya kopo?” Ukacheka, ukaendelea. Siku yalipokataa kusema sifuri ukafunga mlango, foleni imefika hadi kwenye ngazi, watu wananiangalia mimi mkubwa wako, na wewe ndani unaisawazisha mashine taratibu mpaka maji yakakubali. Kama mashine inakosea kwenye maji, ukaniambia, itakosea kwenye ubongo. Nilijua unasema kweli. Nilikuchukia mbele ya foleni nzima.

Halafu yule mtoto wa Kasumulu. Msichana mdogo, alianguka na mama yake kwenye bodaboda, na Dokta Gwakisa akataka kuona kama kuna damu kichwani. Mtoto analia, anageuza shingo. Nikapiga, picha ikatikisika. Nikarudia, ikatikisika tena. Nilikuwa najiandaa kwa mara ya tatu, na mpangilio wa mashine, ule unaopanga kiasi cha mionzi, ni ule ule wa watu wazima. Ule wa watoto ulikuwemo kwenye mashine tangu siku ya kwanza, lakini unatoa picha yenye chenga, na Mama Picha hatoi chenga.

Ukaingia. Ukamfunga yule mtoto kwa kitenge cha mama yake, mikono ndani, kama anavyofungwa mgongoni. Ukainama ukawa unamwimbia pua kwa pua mpaka akabaki anakushangaa. Ukaja kwenye kompyuta, ukachagua ule wa watoto, ukapiga mara moja. Picha ikatoka na chenga. Niliiona nikafurahi, Mungu anisamehe, kwa sababu nilijua Dokta ataikataa. Dokta Gwakisa akainama kwenye kioo cha kompyuta, akaipitia juu mpaka chini, akasema, “Damu hakuna. Fuvu zima. Hii inatosha.”

Miaka yote Dokta ananiambia nzuri, ananiambia safi. Hajawahi kuniambia inatosha. Sikujua kama ni neno la kumsifia mtu mpaka nilipoona unapewa wewe.

Baadaye ukanionyesha namba ya pembeni ya kioo, ile inayosema mgonjwa amepigwa mionzi kiasi gani. Nilikuwa naiona kila siku, naichukulia kama ile ya kilomita kwenye gari, kitu cha fundi. Ukaniwekea yangu mbili na yako moja pamoja. Ulizungumza polepole na kwa heshima, ukasema mtoto ana maisha marefu mbele yake, na mwili wake bado unajijenga, kwa hiyo yeye ndiye wa kupewa kidogo kuliko wote. Nilikuwa namfikiria yule mtoto, nawe usidhani sikumfikiria. Lakini nilikuwa nafikiria pia kwamba nilikufundisha kusoma saa, na sasa unanifundisha kusoma namba.

Yote hayo ningeyameza. Kikao ndicho kilichonikwama. Salma alikuwa amekuja kukagua, Dokta yupo, muuguzi mkuu yupo, watu wa maabara wamejaa hadi dirishani. Salma akauliza kwa nini baadhi ya picha za watoto zina namba kubwa namna ile. Nikaanza kupekua mafaili. Ukasimama wewe, mwanangu, ukasema, “Picha za mama ni nzuri kupita haja.”

Na watu wakapiga makofi! Muuguzi mkuu akanigonga bega, “Hongera, Mama Picha!” Walidhani unanisifu mbele ya mgeni. Tulioelewa tulikuwa wewe, mimi na Salma, na Salma akatazama chini kwenye meza. Hapo ndipo nilipoumia, alipotazama chini. Ungesema picha zangu mbaya ningegombana na wewe, ningeleta picha ishirini kukuumbua. Lakini ulichukua kitu kimoja ambacho watu walinipendea, ukakiita kosa, na ulikuwa sahihi, na ukumbi mzima ukashangilia.

Nyumbani ulijaribu kunieleza. “Mama, sikukutukana. Nilitafuta neno la upole.” Nami nikakuambia, basi nenda ukazaliwe upya kwa Salma. Nililisema hilo jikoni, baba yako akasikia, akatoka nje. Hatujaligusa tangu siku ile. Tunapeana chumvi mezani kama wageni wa msibani. Nalitaja hapa kwa sababu sitaki usafiri nalo ukidhani nilikusudia. Nilikusudia wakati ule. Sikusudii sasa.

Ilipokuja barua ya kwamba umepata nafasi ya kwenda kujifunza chini ya Salma, CT na MRI, ubora wa mashine na udhibiti wa mionzi, nyumba nzima ilipiga vigelegele. Mimi pia nilipiga. Kilio cha kawaida kingenisaidia zaidi, lakini nilipiga.

Wiki iliyopita, tukiwa wawili hapa, uliniuliza swali. Ulikuwa unafuta vumbi kwenye kibodi, hukuniangalia. “Mama, nikiondoka, utairudisha ile ya zamani?” Ulimaanisha kama nitaifuta mipangilio ya watoto, ile mliyoirekebisha wewe na Salma, ukaiandikia majina kwa Kiswahili, Mtoto Mchanga, Mtoto Mdogo, Mtoto wa Shule. Na mimi nikakuambia nenda kamwite mgonjwa anayefuata. Ukaenda. Sikukujibu siku ile, na hukuuliza tena.

Nywila ninayo. Unajua ninayo. Naweza kuifuta yote kabla basi lako halijafika Tukuyu, na hakuna mtu hapa atakayejua, ila watasema picha zimekuwa nzuri tena. Nimekaa hapa mchana huu nikiiangalia ile orodha ya majina uliyoandika. Na usidhani ni wivu peke yake unaonishika mkono. Kuna hofu pia, na hofu hiyo hukuijua kwa sababu ulikuwa na mimi nyuma yako. Naogopa mtoto mmoja ambaye damu yake itajificha kwenye chenga, mimi niko peke yangu, Dokta amechoka, na wewe uko Dar unakula chakula cha mchana na Salma.

Huko kuna MRI. Ile haina mionzi, ni sumaku tupu, na mimi sijawahi kuingia chumba chake. Niliwahi kumsindikiza mgonjwa Mbeya, nikafika mpaka mlangoni, nikajitambulisha kwamba mimi ni mwenzenu, ni mtu wa mionzi. Kijana akanitazama viatu, akasema, “Mama, ndugu wa mgonjwa wanasubiri kule.” Nikasubiri kule. Siku utakapoingia mara ya kwanza simama kidogo kwa niaba yangu. Hapana, usisimame. Ingia ufanye kazi yako. Sitaki kuingizwa mahali kwa niaba.

Ila nisikilize hili, kwa sababu nimelipata kwa aibu yangu. Kwenye sumaku ukikosea, kosa linaruka. Mtu anaingia na mkasi mfukoni, au anasukuma mtungi wa hewa, sumaku inavuta chuma, na chumba kizima kinajua. Kwa hiyo watu wa kule huwa wakali mlangoni, na wewe uwe mkali, hata kwa mama wa watu aliyetoka mbali. Kwenye mionzi kosa haliruki. Linakaa na wewe, linakunywa chai na wewe, linasifiwa. Ukiona kila mtu anafurahia kazi yako na hakuna anayekuuliza namba, siku hiyo jiulize mwenyewe. Mimi sikuwa na wa kuniuliza, na alipopatikana nikamnunia.

Na siku moja, Tusekile, ataingia chumbani kwako mtoto wa watu, mdogo, ana haraka, ananukia mafuta mapya. Atakuonyesha kwamba unachokijua kimepitwa. Utatabasamu, utamwambia asante, na usiku hutalala. Usijifanye huna wivu. Mimi nilijifanya, nikawa nagonga sufuria. Mwambie tu, nakuonea wivu, leta nione ulivyofanya. Laiti ningekuambia hivyo yule mtoto wa Kasumulu alipokuwa bado kitandani, tungekula mezani mwezi huu kama mtu na mwanawe.

Nimekatishwa hapo. Nimerudi sasa.

Wameleta mtoto kutoka Ipinda, mvulana wa darasa la kwanza hivi, amedondoka kwenye mkokoteni wa ng’ombe akagonga kichwa. Baba yake kambeba, miguu yake mwenyewe ina tope hadi magotini. Ametapika njiani, anasinzia. Dokta Gwakisa akaandika CT ya kichwa, akaja naye hadi hapa.

Nikabaki mimi na kompyuta. Kuna mpangilio wa watu wazima, na kuna wako. Nimechagua wako. Na nikuambie kwa nini, kwa sababu nimeshaanza kusema kweli na sioni pa kuishia. Sikuchagua kwa upendo. Nilichagua kwa sababu nilitaka kuona ukishindwa. Nilitaka Dokta aikatae, ili nijibu swali lako nikiwa na sababu mkononi.

Picha ikatoka na chenga. Dokta akaiangalia sana. Upande wa kulia, kando ya mfupa, kulikuwa na kitu kama kivuli, na hakuwa na uhakika. Akaniambia, “Sina hakika hapa. Mama Picha, hebu rudia kwa nguvu, kama zile zako.”

Kama zile zangu! Unajua nimeyasubiri maneno hayo tangu lini? Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kitufe. Na baba wa mtoto amesimama nyuma ya dirisha la kioo ameshika kiatu kimoja cha mwanawe.

Nikamwambia Dokta asubiri. Nimekuona wewe mara kadhaa, ulipodhani siangalii, ukiichukua picha ile ile iliyokwishapigwa na kuiunga upya kwenye kompyuta, vile vipande vyembamba vikawa vinene, chenga zikatulia bila kumrudisha mgonjwa kitandani. Sikuwahi kukuuliza unafanyaje. Nilikuwa nakuibia kwa macho. Nikajaribu, nikakosea kitufe, nikarudi nyuma, nikajaribu tena. Chenga zikatulia. Kile kivuli kikabaki pale pale, kimejichora vizuri, damu nyembamba imelala kando ya mfupa. Dokta akasema, “Ipo,” na akaanza kupiga simu Mbeya hapo hapo. Gari limeondoka na mtoto na baba yake dakika chache zilizopita. Alikuwa amefumbua macho, anaomba maji.

Nilitamani ungekuwepo uone. Halafu nikashukuru kwamba hukuwepo, kwa sababu ungekuwepo ungefanya wewe.

Kwa hiyo jibu lako hili hapa. Sitairudisha ile ya zamani. Lakini usiniamini, mwanangu. Najijua. Leo nimeogopa, kwa hiyo leo ni mtu mzuri. Atakuja mzee mnene, atakuja mtoto msumbufu, atakuja daktari mgeni atakayekunja uso, na mkono wangu utaanza kupanda kidogo kidogo, na watu wa hapa watanipongeza. Wivu nao haujaisha. Nimeukagua sasa hivi, upo.

Ndiyo maana nakuomba kitu. Salma amezoea kuja mwenyewe kukagua mashine za huku. Mwambie nimesema asije. Akuache uje wewe, ukishajua, na ukija usije kama mtoto aliyekuja kumsalimu mama yake. Angalia namba za kila mtoto niliyempiga. Ukikuta nimezidisha, usitafute neno la upole, liseme wazi mtu yeyote alielewe. Nitakasirika, na nitasema maneno, unanijua. Wewe pima.

Mama yako wa kukuzaa,
Atuganile